Zaburi ya 88 na Uwanja wa Villa Park: Shabiki wa Hevi Metali Anatafuta Nini?

Katika makala zetu juu ya liturujia na utamaduni, leo tunagusa jambo ambalo wengi hawakulitarajia darasani: tamasha la muziki wa hevi metali uwanjani. Tumelichagua kwa sababu ya kichungaji. Kijana anayemjia paroko, au frateri aliye katika mwaka wa uchungaji, akiwa amevaa fulana nyeusi yenye picha ya fuvu la kichwa, mara nyingi hupewa jibu kabla hajauliza swali. Huambiwa avue fulana hiyo, afute nyimbo kwenye simu yake, kisha aende akaombewe. Huenda baadhi ya hayo yanahitajika kweli. Lakini anayetoa dawa kabla ya kumpima mgonjwa si tabibu, na waungamishi wa kesho hawana budi kujua wanahukumu kitu gani.

Wengine watasema muziki huu ni wa Wazungu, hautuhusu. Wanaosema hivyo hawajafika Nairobi, ambako bendi kama Parking Lot Grass na Last Year's Tragedy zimejenga mashabiki wao kwa miaka mingi. Na katika zama hizi za simu janja, kijana wa Songea au Bukoba hahitaji kupanda ndege ili asikie gitaa la Birmingham. Linamfikia kitandani, usiku, wazazi wakiwa wamelala.

Ili tusizungumze hewani, tulitazame tamasha moja ambalo habari zake zilienea dunia nzima.

Jumamosi tarehe 5 Julai 2025, mashabiki zaidi ya 40,000 walikusanyika katika uwanja wa Villa Park, nyumbani kwa klabu ya Aston Villa, mjini Birmingham, Uingereza. Walikuja kuiaga bendi ya Black Sabbath, ambayo wengi wanaihesabu kuwa ndiyo iliyouzaa muziki wa hevi metali kwa santuri yake ya kwanza iliyotoka tarehe 13 Februari 1970. Wanamuziki wake wanne wa awali, yaani Ozzy Osbourne mwimbaji, Tony Iommi wa gitaa, Geezer Butler wa gitaa la besi na Bill Ward wa ngoma, walikuwa hawajapiga pamoja kwa miaka 20. Tangu mchana zilitangulia bendi nyingine nyingi, zikiwamo Metallica, Slayer, Pantera, Tool na Guns N' Roses. Mapato yalielekezwa kwa shirika la Cure Parkinson's, kwa hospitali ya watoto ya Birmingham na kwa nyumba za Acorns zinazowatunza watoto wenye maradhi yasiyopona. Osbourne mwenyewe, aliyekuwa ametangaza hadharani mwaka 2020 kwamba ana ugonjwa wa Parkinson, alipandishwa kutoka chini ya jukwaa akiwa ameketi kwenye kiti cha enzi cheusi, akaimba akiwa amekaa. Siku 17 baadaye, tarehe 22 Julai, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 76.

Tuwajue kidogo watu hawa, maana muziki wao hauelezeki bila mtaa uliowalea. Wote wanne walikulia Aston, eneo la viwanda linalouzunguka uwanja huohuo. Osbourne, mtoto wa fundi wa kiwandani, alijipatia senti utotoni kwa kulinda magari ya washabiki wa mpira siku za mechi, kazi ambayo vijana wa miji yetu wanaijua vizuri. Baadaye alifanya kazi machinjioni, na alipata kufungwa wiki chache kwa wizi. Iommi alikuwa na miaka 17 pale mashine ya kiwanda cha mabati ilipomkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Na kwa kuwa hupiga gitaa kwa mashoto, hivyo ndivyo vidole vyake vya kubonyezea nyuzi. Aliyeyusha chupa ya plastiki akajitengenezea vifuniko vya vidole. Miaka michache baadaye akaanza kulegeza nyuzi ili zisimuumize, na gitaa likatoa mlio wa chini zaidi, mzito zaidi. Kwa hiyo unapousikia ule mlio unaotisha, sehemu yake imetoka katika mkono wa kibarua aliyejeruhiwa kazini. Jambo hili tunaona linafaa kukumbukwa na yeyote anayetaka kuhubiri juu ya asili ya muziki huu.

Butler, aliyetunga maneno ya nyimbo nyingi za bendi, alizaliwa katika familia Katoliki iliyotoka Dublin, Ireland, na amesimulia kwamba utotoni aliwahi kufikiria upadre. Ujanani akavutwa na mambo ya uchawi. Alipaka chumba chake rangi nyeusi, na rafiki yake Osbourne akampa kitabu cha kale cha mambo hayo. Usiku mmoja, kwa maelezo yake, aliamka akaona umbo jeusi limesimama miguuni pa kitanda, na asubuhi kitabu hakikuonekana. Hofu hiyo ndiyo iliyozaa wimbo unaobeba jina la bendi. Ukiusikiliza kwa makini, humkuti ndani yake mtu anayemwabudu Shetani. Unamkuta mtu aliyeshikwa na woga mkubwa, anayemlilia Mungu amsaidie. Mwaka 1971 bendi hiyohiyo ilitoa wimbo After Forever, ambao maneno yake, ya Butler, yanawatetea wanaomwamini Mungu na kumuuliza msikilizaji kuhusu roho yake baada ya kifo. Misalaba waliyovaa shingoni ilitengenezwa kiwandani na baba yake Osbourne, nao waliivaa kama kinga.

Wanakwaya watapenda kujua jambo la kimuziki hapa. Wimbo ule wa kwanza umejengwa juu ya umbali wa sauti ambao msomaji wa sol-fa anaweza kuujaribu mara moja: imba fa, kisha ruka moja kwa moja hadi ti. Sikio halitulii. Walimu wa muziki wa Ulaya waliita umbali huo, kwa Kilatini, shetani ndani ya muziki, na kutokana na jina hilo imeenea hadithi kwamba Kanisa liliupiga marufuku na kuwaadhibu watunzi walioutumia. Hadithi hiyo haina msingi. Waliukwepa kwa sababu ni mgumu kuimbika na haupatani na kanuni za upatanifu wa sauti za wakati ule. Yule anayesimama kwenye semina ya vijana na kusema kwamba sauti fulani yenyewe humwita pepo, anawapa vijana ushirikina kwa jina la imani.

Ndivyo ilivyo pia kwa ile alama ya mkono, kidole cha shahada na cha mwisho vikiwa juu. Aliyeieneza katika muziki huu ni Ronnie James Dio, aliyechukua nafasi ya Osbourne katika bendi mwaka 1979, na alieleza kwamba alijifunza kwa bibi yake Mwitaliano, aliyeitumia kujikinga na jicho la husuda. Hiyo ni hirizi ya mkono. Katekisimu inatukataza kutegemea hirizi, ndiyo, lakini bibi wa Kiitalia anayeogopa kijicho hawezi kuitwa mwabudu Shetani.

Sasa tumfuate shabiki mwenyewe. Amenunua tiketi miezi kadhaa kabla, amesafiri, pengine kutoka nchi nyingine. Tangu kituo cha treni anaanza kuwaona wenzake, kwa maana wote wamevaa nyeusi, na fulana zao zinaeleza historia: bendi gani, ziara ya mwaka gani. Ni sare, kama vitenge vya WAWATA siku ya sherehe ya parokia, na inafanya kazi ileile. Mtu asiyemjua mtu anasalimiwa. Kazini kwake au shuleni yeye ndiye wa ajabu, anayesikiliza makelele. Hapa kila mmoja anajua maneno anayoyajua yeye. Wamo babu wenye mvi na wajukuu wao. Ndani ya uwanja anasimama saa nyingi kwenye eneo la mpira, miguu ikiuma, akila alichopata.

Kisha ngoma inapigwa. Wanaohudhuria matamasha haya husema kwamba sauti unaisikia kifuani kabla ya masikioni, na hawasemi kwa mafumbo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilipendekeza kwamba sauti katika kumbi na matamasha isizidi wastani wa desibeli 100 kwa dakika 15, na matamasha ya metali yanajulikana kwa kukaribia au kupita hapo. Shabiki mwenye busara huweka vizibo masikioni. (Mwenye kupenda vipaza sauti vya mkesha wa maombi naye asikie neno hilo.)

Mbele ya jukwaa hufunguka duara ambamo vijana hukimbia na kusukumana kwa mabega. Mgeni akiliona atadhani ni vita. Lakini duara hilo lina sheria ambayo haijaandikwa popote na kila shabiki anaijua: aliyeanguka huinuliwa mara moja, na walio karibu husimama kama ukuta mpaka ainuke. Sheria hiyo ina uzito wa damu. Tarehe 30 Juni 2000, katika tamasha la Roskilde huko Denmark, bendi ya roki ya Pearl Jam ikiwa jukwaani, vijana tisa walikufa kwa kubanwa na umati. Umati unaweza kukubeba na unaweza kukuua, na anayetoka nyumbani kwenda uwanjani anaweka mwili wake mikononi mwa watu asiowajua.

Jioni ile Villa Park, Osbourne alipoimba Mama, I'm Coming Home, wimbo wa mtu anayerudi nyumbani, sauti yake ilikuwa dhaifu, ikikatikakatika. Uwanja ulimsaidia kuimba. Picha zilizosambaa zinaonyesha wanaume wazima, wenye ndevu na michoro mikononi, wakilia waziwazi. Hawakulia kwa sababu gitaa lilipigwa vizuri. Walijua wanamwona mtu anayekwenda kufa, naye alijua kwamba wanajua.

Hapo ndipo taalimungu inapotakiwa kuingia, na mwalimu wetu mkuu katika jambo hili ni mkali. Kardinali Joseph Ratzinger, baadaye Papa Benedikto XVI, katika kitabu chake juu ya roho ya liturujia kilichotoka mwaka 2000, aliandika kwamba muziki wa roki ni sauti ya hisia za asili zisizofugwa, na kwamba katika matamasha makubwa huchukua sura ya ibada, ibada inayopingana na ile ya Kikristo. Mtu, anasema, hutafuta kufunguliwa kutoka katika nafsi yake kwa kuzama ndani ya umati na kwa mshtuko wa mdundo, kelele na taa. Kinyume chake ni ule ulevi wenye kiasi waliouzungumzia Mababa wa Kanisa, ambamo Roho Mtakatifu humwinua mtu bila kumwondolea akili yake.

Tusimwepuke haraka. Mafrateri wengi wanaopenda muziki wa kisasa hulisoma fungu hilo na kusema tu kwamba alikuwa mzee wa Bavaria aliyempenda Mozart. Sisi Waafrika tuna sababu zaidi ya kumsikiliza. Tunajua ngoma inaweza kufanya nini. Pwani yetu ina ngoma za kupunga pepo ambamo mdundo hupigwa mpaka mtu aondoke katika hali yake, na hakuna mzee wa huko atakayekuambia kwamba ngoma ni burudani tu. Umati wa watu 40,000 unaotikisa kichwa kwa pigo moja umefungua mlango, na swali la nani atapita mlangoni hapo ni swali halali kabisa.

Hata hivyo ndani ya Kanisa lenyewe hawakukubaliana wote. Tarehe 27 Septemba 1997, katika Kongamano la Ekaristi huko Bologna, Mtakatifu Yohane Paulo II aliketi mbele ya maelfu ya vijana akamsikiliza Bob Dylan akiimba, kisha akawahubiria vijana kwa kuanzia na maneno ya mwimbaji huyo. Ratzinger alikuwa na mashaka na mpango ule, na aliyaeleza baadaye kwa maandishi. Miaka miwili baada ya Bologna, katika Waraka kwa Wasanii, Yohane Paulo II aliandika kwamba hata pale msanii anapochunguza vilindi vya giza vya roho au sura za kutisha za uovu, kwa namna fulani anatoa sauti ya hamu ya watu wote ya kukombolewa. Mapapa wawili, mmoja mtakatifu na mwingine mwalimu mkubwa wa liturujia, wakiutazama umati uleule wa vijana kwa macho tofauti. Mseminari asiogope kuona hivyo.

Yupo pia Ndugu Cesare Bonizzi, Mkapuchini wa Italia mwenye ndevu ndefu nyeupe, ambaye baada ya kuhudhuria tamasha la Metallica aliupenda muziki huo kiasi cha kuunda bendi yake. Alipanda jukwaani na kanzu yake ya kitawa katika tamasha la Gods of Metal mwaka 2008. Mwaka uliofuata aliacha, akiona umaarufu unamtenga na watu wake. Kuna kitu cha kujifunza katika kuingia kwake, na zaidi, kwa maoni yetu, katika kutoka kwake.

Tukirudi Villa Park na kipimo cha Ratzinger mkononi, tunakuta kwamba kinagusa nusu ya jambo. Kiti cha enzi kilikuwapo, kelele na taa vilikuwapo, maelfu waliinua mikono kwa mtu mmoja. Anayetafuta dalili za ibada ya sanamu atazipata zote. Lakini katika kiti hicho aliketi mgonjwa aliyetetemeka, asiyeweza kusimama, aliyekuwa akiwashukuru watu. Zaburi ya 115 inazidhihaki sanamu kwa sababu zina mdomo bila sauti na miguu isiyotembea. Sanamu haizeeki, na hilo ndilo kosa lake. Umati ule haukuzama kwenye nguvu. Uliitazama miguu isiyotembea ya mtu halisi, ukampenda hivyohivyo. Hatuthubutu kuiita liturujia, lakini kuiita ibada ya Shetani ni kutotazama.

Kilichokosekana ni kingine, na hapa tunarudi upande wa Ratzinger. Tamasha linaweza kukitaja kifo, kukililia, hata kukiimbia kwa sauti ya kutikisa nyumba za jirani. Haliwezi kukishinda. Taa zikiwashwa, shabiki anatembea kwenda kituoni kati ya vikombe vya plastiki vilivyokanyagwa, masikio yakilia, na Jumatatu ni ileile. Katika Misa tunakitangaza kifo cha Bwana na ufufuko wake mpaka atakapokuja, kisha tunatumwa. Wala tofauti haiko kwenye kelele au kwenye mwili unaocheza. Tarehe 2 Februari 2023 Baba Mtakatifu Fransisko alikutana na vijana na makatekista katika Uwanja wa Mashahidi huko Kinshasa, na waliokuwapo wanajua kama kulikuwa kimya! Tofauti ni nani anazungumza, na kama neno lake linaweza kumfuata kijana mpaka kaburini na kumtoa humo.

Lakini je, kwa nini kijana aende uwanjani kutafuta maombolezo, wakati Kanisa ndilo lenye maombolezo ya kale kuliko yote? Swali hili linatuuma. Tusikilize nyimbo tunazoimba Jumapili katika parokia nyingi: furaha, shangwe, kigelegele, kinanda kwa kasi. Ni vizuri, nasi tunazipenda. Sasa aje kijana aliyemzika mama yake Alhamisi, au aliyeachishwa kazi, au ambaye kichwani mwake kuna giza asiloweza kulitaja. Ataimba nini? Akirudi chumbani anafungua simu, na huko anamkuta mtu anayepiga kelele kwa niaba yake. Wimbo War Pigs wa Black Sabbath, wa mwaka 1970, wakati vita vya Vietnam vikiendelea, unawashutumu wakubwa wanaopanga vita na kuwaachia maskini kufa, na unaishia kwenye siku ya hukumu, wakubwa hao wakipiga magoti mbele ya Mungu. Nabii Amosi asingeona ajabu. Ni lini mara ya mwisho kwaya yetu iliimba jambo kama hilo?

Haya yote hayafuti upande mbaya, ambao upo na ni mbaya kweli. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni 1992 kanisa la kale la mbao la Fantoft, karibu na Bergen nchini Norway, liliteketezwa kwa moto, na kuchomwa kwa makanisa mengine kulifuata; baadhi ya vijana wa tawi la metali linaloitwa metali nyeusi walitiwa hatiani kwa matendo ya aina hiyo. Ziko bendi ambazo kufuru ndiyo kazi yao, na Katekisimu (na. 2148) inasema wazi kwamba kufuru ni kinyume cha amri ya pili. Hata siku ile Villa Park ilikuwa na mchanganyiko. Osbourne aliimba Mr. Crowley, wimbo juu ya mchawi Mwingereza Aleister Crowley, ambao unamuuliza maswali zaidi ya kumsifu. Slayer walipiga pia, bendi ambayo santuri yake ya mwaka 2001 ina jina la kumtukana Mungu, na ambayo mwimbaji wake, Tom Araya, mzaliwa wa Chile, hujitambulisha hadharani kuwa Mkatoliki. Yeye ameeleza kwamba nyimbo ni nyimbo, na imani yake ni imara. Tunamwachia Mungu dhamiri yake. Lakini kwa darasa letu la taalimungu ya maadili swali linabaki: je, ulimi unaweza kukopeshwa? Mtume Yakobo, anapoandika juu ya ulimi uleule unaobariki na kulaani, haonekani kuruhusu mkopo huo.

Muungamishi basi afanye nini? Kwanza, auliza. Unasikiliza nini hasa, na kinakufanya uweje? Kuna tofauti kubwa kati ya kijana anayesikiliza gitaa zito baada ya kazi na anayejifungia siku tatu na nyimbo za kujiua. Huyu wa pili anahitaji mtu wa kukaa naye leo hii, pengine na daktari, kabla ya mahubiri yoyote kuhusu muziki. Kuna tofauti kati ya fulana yenye fuvu, picha ambayo watawa wetu waliiweka mezani karne nyingi ili wakumbuke kifo, na fulana inayomtukana Kristo, ambayo Mkristo haivai. Anayeshiriki kwa kujua katika matambiko ya uchawi (KKK 2117) yuko mahali pengine kabisa na asichanganywe na hao wengine. Uzito wa dhambi hupimwa kwa tendo lenyewe, nia na mazingira, na hakuna hata moja kati ya matatu hayo linalosomeka kwenye rangi ya nguo.

Na kuna jambo dogo la Birmingham tusiloweza kuliacha. Mwaka 2017 Tony Iommi, mwenye vidole vya plastiki, alilitolea Kanisa Kuu la Kianglikana la mji huo wimbo wa kwaya uitwao How Good It Is, uliotungwa juu ya Zaburi ya 133, ile inayosifu ndugu kukaa pamoja kwa umoja. Maneno yaliandaliwa na mkuu wa kanisa hilo. Hakuna aliyemwambia kwanza avue fulana.

Tunamalizia na zoezi kwa ajili ya kipindi kijacho. Sala ya kabla ya kulala ya kila Ijumaa inatupa Zaburi ya 88, na sisi seminarini tunaisali tukiwa tumechoka, macho yamefumba nusu, tukiwahi kulala. Ijumaa hii isomwe polepole, kwa sauti, na mtu mmoja, mstari kwa mstari. Angalieni jinsi inavyomlaumu Mungu usoni pake, jinsi inavyotaja shimo, kaburi na marafiki waliokimbia, na neno lipi linaifunga katika tafsiri mnayoitumia. Kisha kila mmoja aandike jina la kijana mmoja wa parokia yake ambaye angeielewa zaburi hiyo kuliko yeye mwenyewe, na aje nalo darasani.